Lishe ya mwanafunzi: Somo linalopita mlango wa uani

Kikao cha wazazi katika shule ya msingi ya kijijini, huko Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huanza kwa utulivu. Watu husalimiana kwa "Kamwene", kina mama hukaa upande wenye kivuli, kina baba husimama nyuma karibu na njia, tayari kuondoka. Ajenda ya madawati hupita. Ya choo nayo hupita. Ikifikiwa ya chakula cha mchana, yaani debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage na fedha kidogo ya mpishi na kuni, ndipo minong'ono inapogeuka kelele.

Mmoja huuliza kama si serikali iliyosema elimu ni bila ada. Mwingine ana watoto wanne shuleni, hayo madebe manne ayatoe wapi? Wa tatu anaishi hatua chache kutoka shuleni, wake watakula nyumbani. Mwalimu mkuu hurudia maneno ya waraka wa serikali. Afisa lishe, kama siku hiyo amepata usafiri, hukunjua bango lenye picha za makundi ya chakula na kueleza habari za protini, madini chuma na vitamini A. Wazazi humsikiliza kwa adabu, humpigia makofi, kisha hurudi nyumbani kupika kilekile walichopika jana.

Makofi hayo yanapaswa kututia shaka. Mzazi wa Iringa hajakosa taarifa kwamba yai ni zuri. Kuku ni wake, yai ameliokota mwenyewe asubuhi, akaliuza dukani na kununua sabuni. Anachokosa ni mtu wa hadhi yake, mwenye shamba kama lake na mume kama wake, aliyewahi kumpa mtoto yai lile na sabuni bado ikapatikana.

Hapo ndipo linapokuja suala la elimu rika: wazazi kufundishana wenyewe kwa wenyewe namna ya kuwalisha watoto walio shuleni mlo kamili. Wafadhili wanaipenda kwa kuwa ni rahisi kuigharimia, na maafisa wanaipenda kwa kuwa inafika wasikofika wao. Lakini ina masharti ambayo mara nyingi hayasemwi, na ina watu wanaoipinga wakiwa na hoja nzito.

Ghala limejaa, mtoto mfupi

Takwimu za mkoa wa Iringa zinaudhi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa Iringa ilikuwa karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa ziliifuata, kila moja ikiwa na takriban asilimia 50.

Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi yake yanasagwa mijini, viazi mviringo vyake vinakaangwa katika vibanda vya chipsi Dar es Salaam, na parachichi zake zinapanda meli kwenda Ulaya. Njaa ya kukosa kabisa chakula si jambo la kawaida huko.

Shida ni aina ya chakula, na saa. Mkulima wa Mufindi au Kilolo hushinda shambani msimu mzima, wengine hushinda katika mashamba ya chai, na mtoto mdogo huachwa na dada yake wa darasa la tatu. Ugali hupikwa mwingi mara moja au mbili kwa siku, mboga huwa kidogo pembeni. Mahindi yenyewe, kabla ya kusagwa, hukobolewa, na katika nyumba nyingi hulowekwa siku kadhaa na kuanikwa ili unga uwe mweupe. Weupe huo ndio fahari ya nyumba mbele ya mgeni, nao hugharimu kiini na pumba, mlimokuwa na sehemu kubwa ya madini chuma na vitamini za kundi B. Maharage, mayai na kuku huenda sokoni. Sehemu ya fedha inayopatikana, tusifichane, huishia kwenye ulanzi, pombe ya mianzi.

Udumavu hupimwa kwa watoto wadogo na sehemu kubwa yake hutokea katika siku 1,000 za kwanza, tangu kutungwa mimba hadi mtoto kutimiza miaka miwili. Chakula cha mchana cha darasa la nne hakiwezi kuyafuta yaliyokwisha kutokea. Kwa hiyo ipo hoja kwamba kupeleka nguvu shuleni ni kuchelewa.

Mimi naona hoja hiyo inasahau mambo mawili. Mzazi mwenye mtoto darasa la pili, kwa kawaida ana mwingine mgongoni, na shule ndiyo mahali pekee kijijini panapoweza kumwita akaja. Halafu, msichana anayeingia balehe akiwa darasa la sita bila damu ya kutosha ndiye mama wa kesho. Siku 1,000 za mtoto wake zinaanza na sahani anayokula leo, au asiyokula.

> Mzazi hajakosa taarifa kwamba yai ni zuri. Kuku ni wake, yai ameliokota mwenyewe, akaliuza na kununua sabuni.

Waraka uliosomwa nusu

Ubishi wa debe la mahindi una historia yake. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Watoto walimiminika madarasani. Mwaka huohuo ulitoka waraka mwingine, Namba 3, uliofafanua nani anawajibika kwa lipi, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi.

Watu wengi walisikia waraka wa kwanza na hawakuufikia wa pili. Katika shule nyingi vyungu viliinamishwa, wapishi wakarudi nyumbani, na walimu wakuu wakaogopa hata kutamka neno mchango wasije wakaandikwa magazetini. Serikali baadaye ilitoa mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimu msingi, unaozitaka shule na jamii kukubaliana menyu, kulima bustani na kuunda kamati. Mwongozo ni mzuri. Lakini hautoi mahindi, na hauwezi kumlazimisha mzazi asiyetaka kuyatoa.

Kwa hiyo imebaki kushawishi. Na kushawishi, kwa miaka mingi, kumeachiwa mtu mmoja mwenye bango.

Redio, mizani na kumbukumbu fupi

Ajabu ni kwamba Tanzania ilikuwa imeshajua namna nyingine. Mwaka 1973, mwaka ambao pia ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio kwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, wakaamua la kufanya kijijini kwao, iwe kuchimba choo au kufyeka mazalia ya mbu. Miaka miwili baadaye ikafuata "Chakula ni Uhai", iliyohusu lishe yenyewe. Kiongozi wa kikundi alikuwa mwanakijiji aliyepewa mafunzo mafupi na kijitabu. Hakuwa daktari.

Kisha ikaja Iringa. Mwaka 1983 serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, walianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Njombe, Ludewa na Makete. Kiini chake kilikuwa mizani. Kila miezi mitatu watoto wa kijiji walipimwa uzito hadharani, kadi zikasomwa, na kijiji kikaulizwa kwa nini mtoto wa fulani ameshuka. Jibu lilipaswa kutoka kwao: mama yuko shambani mchana kutwa, basi ianzishwe sehemu ya kuwalisha watoto, kuni ziko mbali, basi wagawane zamu.

Waliita mzunguko huo kutathmini, kuchambua na kutenda. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 38, na wenye upungufu mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mfumo wa kufikiri uliotokana na kazi hiyo, kwamba utapiamlo una sababu za karibu, za kati na za msingi, ulichukuliwa na UNICEF mwaka 1990 na sasa unafundishwa vyuoni dunia nzima.

Ndiyo, ni Iringa ileile. Dunia ilichukua mfumo, Iringa ikabaki na udumavu. Fedha za mradi ziliisha, hali ya uchumi ya miaka iliyofuata ikavinyima vijiji wahudumu na vifaa, na kizazi cha wazazi waliozoea kuulizana kuhusu kadi za watoto kikazeeka. Mazoea ya kukutana na kuulizana hayakupata mtu wa kuyarithisha. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika sasa kila robo mwaka katika vijiji vingi, ni mjukuu wa mpango ule, ingawa wengi wanaoihudhuria hawajui babu yake.

Kaa wadogo wa mashamba ya mpunga

Mfano unaotajwa sana na wataalamu wa elimu rika unatoka Vietnam. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jerry na Monique Sternin wa shirika la Save the Children walipelekwa mkoa wa Thanh Hoa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na utapiamlo, na serikali ikawapa miezi sita tu kuonyesha tofauti.

Hawakuwa na fedha za kugawa chakula. Wakauliza swali lisilo la kawaida: je, wapo watoto wa familia maskini kabisa ambao afya yao ni nzuri? Walikuwepo. Wanakijiji wenyewe walipokwenda kuchungulia vyungu vya nyumba hizo, waliwakuta mama wa watoto hao wakiokota kaa na kamba wadogo kwenye mashamba ya mpunga na kuwachanganya na matembele katika wali wa mtoto. Walikuwa pia wakilisha mara nyingi zaidi kwa siku na kunawa mikono. Majirani walikuwa na mashamba hayohayo. Ila vitu hivyo vilihesabiwa kuwa si chakula cha kumpa mtoto.

Ubunifu ulikuwa katika hatua iliyofuata. Mama aliyetaka kuingia katika kikao cha mapishi alitakiwa aje na kaa, kamba au matembele mkononi kama kiingilio. Mkono ulishazoea kuviokota kabla kichwa hakijamaliza kubishana.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anaweza kutabasamu. Matembele tunayo, dagaa tunao, na sote tunajua mahali vilipowekwa katika ngazi ya heshima ya vyakula: chini ya kuku, chini ya mchele, na siku hizi chini hata ya tambi. Mzazi akimfungia mtoto viazi vitamu vya kuchemsha, mwenzake akamfungia maandazi na soda, nani atakayeona aibu wakati wa mapumziko?

Aibu ni jambo la kijamii, na bango haliiponyi. Wenzako ndio wanaoweza kuiondoa, kwa sababu wao ndio walioiweka.

Mwaka 1995 katika jimbo la Gaza, Msumbiji, shirika la World Relief lilianza utaratibu mwingine ambao umesambaa Afrika: mama mmoja wa kujitolea anabeba kaya 10 hadi 15 za jirani zake, anazitembelea, na yeye pamoja na wenzake wanakutana na mwezeshaji mara kwa mara. Hapa kwetu, programu ya Mwanzo Bora iliunda vikundi vya kina mama na kuwapa Mkoba wa Siku 1000, ambao ndani yake mlikuwa na kadi za picha za kuanzisha mazungumzo. Kote huko walengwa wakuu walikuwa wajawazito na wenye watoto wachanga. Mzazi wa mwanafunzi alikuwa akisubiri nje.

Ndani ya kikundi

Kikundi kinachofanya kazi hakianzi na somo. Kinaanza na uchaguzi, na hapo ndipo vingi vinapokufa mapema. Kijiji kikiulizwa nani awe mwelimishaji rika, jina la kwanza kutajwa huwa la mke wa mwenyekiti au la mwalimu mstaafu. Watu wema wote hao, lakini mama anayekopa unga atasema moyoni kwamba yule ana mshahara nyuma yake. Swali sahihi ni lile la Thanh Hoa: nani hapa si tajiri, na watoto wake wanakula vizuri, hawaumwiumwi na hawakosi shule?

Mikutano hufanyika nyumbani kwa mtu, uani, si darasani. Kila mmoja huja na kitu: konzi ya karanga, fungu la mchicha, dagaa wa kopo moja, karoti mbili, yai. Wanapika na watoto wanakula palepale. Mazungumzo yanatokana na chungu.

Kwa nini tunaosha mchicha baada ya kuukata, tukamwaga virutubisho na maji? Kwa nini tunaupika hadi uwe mweusi? Tone la mafuta kwenye karoti au viazi lishe si anasa, maana vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Maharage yakilowekwa usiku huiva kwa kuni chache, na hoja ya kuni humgusa mama haraka kuliko hoja ya protini. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini chuma yanayoingia mwilini. Chungwa au limao huyaongeza. Basi chai isogezwe mbele saa moja, chungwa likae mahali pake.

Kisha kuna asubuhi. Watoto wengi hutoka nyumbani na kikombe cha chai tupu, au bila chochote, wakatembea kilomita kadhaa. Hapa mama aliye jikoni kila siku anamshinda mtaalamu. Ataeleza kwamba hatumii muda wa ziada asubuhi. Huchemsha viazi vitamu vingi jioni, na kiporo chake kwa konzi ya karanga ndicho kifungua kinywa. Wenzake hawamuulizi chanzo cha utafiti. Wanauliza karanga anaficha wapi watoto wasizimalize.

Suala la unga mweupe ni gumu zaidi, na vikundi vyenye busara havilianzi mapema. Kumwambia mtu aache sembe ale dona ni kumwambia apunguze hadhi ya meza yake. Njia inayopita ni ya kuanza na uji wa watoto, au makande ya shuleni, ambayo mgeni hayaoni. Makande yenyewe, yakiwa na maharage ya kutosha, mafuta kidogo na mboga iliyokatwakatwa, ni mlo wa maana. Yakiwa mahindi matupu yanayoelea na maharage ya kuhesabu, ni kujaza tumbo.

Wapo pia wafanyabiashara wa getini, wanaosahaulika na kila mwongozo niliowahi kusoma. Hela ya mtoto, ya mia mbili au mia tatu, inaishia kwenye barafu za rangi, biskuti na pipi. Shule hupiga marufuku, biashara huhamia ng'ambo ya barabara. Lakini anayeuza pale mara nyingi ni mama mwenye mtoto katika shule ileile. Akiwa ndani ya kikundi, anaweza kukubaliana na wenzake auze mahindi ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga na maembe ya msimu, na wenzake wakawaagiza watoto wanunue kwake. Pasipo makubaliano hayo ya pande mbili, tunamtaka mtu mmoja apoteze kipato kwa ajili ya afya ya watoto wa kijiji kizima.

> Hoja ya kuni humgusa mama haraka kuliko hoja ya protini.

Kosa nalo husambaa

Maafisa lishe wana wasiwasi wao, na una msingi. Njia ileile inayopitisha ukweli uani inapitisha pia uongo, kwa kasi ileile na kwa uaminifu uleule.

Ushahidi ni unga wa lishe. Nchini kote mama humwelekeza mama mwenzake achanganye mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, maharage na hata mbegu za maboga, asage vyote pamoja na kuhifadhi kwenye ndoo. Kadiri orodha inavyokuwa ndefu ndivyo anayeitoa anavyoonekana mjuzi. Wataalamu wamekuwa wakisihi kinyume chake: nafaka moja au mbili zinatosha, karanga ziongezwe siku ya kupika. Karanga na soya zina mafuta yanayochacha haraka zikishasagwa. Soya isiyokaangwa au kuchemshwa sawasawa humzuia mtoto kuimeng'enya protini yake. Tena kila punje mbovu inayoingia kwenye mchanganyiko ni nafasi ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu.

Sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 ililipuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara na kuua karibu watu 20, baada ya familia kula mahindi yaliyoota ukungu. Kiwango kidogo kinacholiwa kila siku hakiui hapohapo, bali huhusishwa na saratani ya ini. Kikundi kinachofundisha uji bila kufundisha kukausha na kuchambua mahindi kinafanya nusu ya kazi, na ni nusu ya hatari.

Kwa hiyo wanaosema rika lijiendeshe lenyewe, bila mtaalamu, wanakosea. Mwelimishaji rika anahitaji mtu wa kumuuliza, na mtu wa kumsahihisha bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Halmashauri zina maafisa lishe, lakini afisa mmoja mwenye kata nyingi na pikipiki isiyo na mafuta hasimamii kitu.

Jasho la nani?

Upo upinzani mwingine, mkali zaidi, na unatoka kwa watetezi wa wanawake. Wanauliza: kwa nini kila mpango usio na fedha hugeuka kuwa kazi ya mama? Yeye ndiye anayelima, anayeteka maji, anayepika, na sasa atembelee kaya 12 kila mwezi kwa malipo ya fulana na kofia. Elimu rika, kwa maoni yao, ni namna ya heshima ya serikali kukwepa wajibu.

Wanaofikiri hivyo huonyesha kidole Nairobi. Tangu mwaka 2023, chini ya mpango wa Dishi na County, majiko makubwa ya kaunti hiyo kwa ushirikiano na Food4Education hupika chakula cha wanafunzi, mzazi akilipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani na sehemu iliyobaki ikilipwa na wengine. Hakuna kikao cha kushawishi. Mtoto anagusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani.

Jibu langu ni kwamba Nairobi ina watoto wengi mahali pamoja, barabara na bajeti, wakati Makete ina milima. Tena chakula cha mchana ni mlo mmoja kwa siku za masomo; jioni, Jumamosi na likizo mtoto anarudi kwenye chungu cha nyumbani. Lakini kuhusu jasho, watetezi wana haki. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 wa kuajiriwa kwa awamu katika miaka mitano, wenye posho. Hao wanapaswa kuwa uti wa mgongo, na mama wa kujitolea abaki na kaya chache zilizo karibu na mlango wake, si kijiji kizima.

Fedha za nje hazitegemeki tena. Mwanzo Bora na miradi mingi ya aina yake ililipwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada, na Julai mwaka huo shirika hilo likafungwa. Kwa upande wa ndani, mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa husaini inazitaka halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mtoto akifikisha miaka mitano na siku moja, anatoka kwenye hesabu. Mwanafunzi hana shilingi yake. Mpango wa pili wa taifa wa lishe uliwekewa ukomo wa mwaka wa fedha 2025/26, na kukosekana kwa mwanafunzi katika hesabu ni pengo ambalo waandishi wa mpango unaofuata hawapaswi kuliruka.

Wale waliosimama nyuma

Kasoro kubwa kuliko zote za elimu rika, kwa jinsi ilivyofanywa hadi leo, ni kwamba inazungumza na mtu asiyeshika funguo za ghala.

Katika kaya nyingi za wakulima mama huamua kinachopikwa kati ya vilivyobaki. Kinachobaki huamuliwa na baba: magunia mangapi yauzwe, maharage yahifadhiwe au yaende kulipia mbolea, mbuzi achinjwe au asubiri. Mama anaweza kutoka kwenye kikao ameiva kabisa, akafika nyumbani akakuta maharage yamepakiwa. Atakuwa amejifunza kuona upungufu tu.

Na kina baba wana rika lao. Linakutana kilabuni, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye chama cha ushirika cha msingi, kwenye mnada. Baba hatabadilika kwa kuitwa kwenye maonyesho ya mapishi. Atasikia kwa baba mwenzake, mwenye ekari kama zake, akisema kwamba mwaka jana alitenga magunia mawili ya maharage, moja la nyumbani, moja la shule, na mbolea alinunua. Lugha yao ni hesabu, si vitamini.

Baadhi ya kamati za shule zimeanza kuligusa hili kwa njia ya shamba la shule: wazazi, wanaume wakiwemo, wanalima pamoja ekari moja au mbili za mahindi na maharage ili kupunguza mchango wa kila kaya. Ni wazo zuri pale ambapo ardhi ipo na mavuno hayaishii kwenye nyumba za walimu au kugharimia ziara za viongozi. Kamati inayobandika ukutani kilo zilizovunwa na kilo zilizopikwa haibishani sana na wazazi msimu unaofuata.

Kuna suala la kalenda pia, na halmashauri inaweza kulirekebisha bila kuomba senti kwa mtu. Vikao vingi vya chakula cha shule huitwa Januari, shule zinapofunguliwa, wakati mahindi mapya bado yako shambani na ghala la mkulima limeanza kupungua. Mavuno ya Nyanda za Juu Kusini hushika kasi kuanzia Juni. Kikao cha kina baba kiitwe Mei, wanunuzi hawajafika kijijini na mizani zao, na anayekiongoza awe mmoja wao aliyekwisha kutenga magunia yake mwaka uliopita.